Kifafa ni Neno la Mtazamaji

Swali moja lilinikalisha mezani hadi taa za majirani zikazimika. Nilikuwa nimepewa dodoso nilitie Kiswahili, la kupima wasiwasi na huzuni kwa watu wazima wanaohudhuria kliniki ya kifafa mkoani Tanga. Dodoso lenyewe ni la siku nyingi. Lilitungwa Uingereza na Zigmond na Snaith mwaka 1983, lina maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya huzuni, na lilikuwa limekwisha kupita katika lugha nyingi kabla ya kunifikia mimi. Swali lililonikwamisha linamuuliza mgonjwa kama huwa anapatwa na hofu ya namna ya vipepeo ndani ya tumbo.

Vipepeo! Nikaandika, nikasoma kwa sauti, nikafuta. Mtu wa kwetu akiulizwa habari za wadudu wanaotembea tumboni mwake atadhani anaulizwa kuhusu minyoo, na atakujibu kwa uaminifu kwamba alimeza dawa mwezi uliopita. Hilo lingerekebishika. Lililonifanya niweke kalamu chini ni jingine. Kwa aliyekulia Pwani, yuko tayari mdudu mwenye mabawa anayehusishwa na ugonjwa huu huu.

Degedege ni jina la mtukutiko wa watoto wadogo wenye homa kali. Neno limetoka kwa ndege: dege ni ndege mkubwa, na wazee walisema ni ndege wa usiku, au nondo mkubwa, anayepita juu ya nyumba kivuli chake kikamwangukia mtoto. Nyuni nalo, neno la zamani la ndege, limebeba maradhi hayo hayo katika upwa wa Kenya na Tanzania. Bibi yangu alifunga madirisha magharibi alipokuwamo nyumbani mwetu mtoto mchanga, na hakutaka kuulizwa sababu. Waganga wa leo wanajua kwamba mtoto anayetukutika kwa homa mara nyingi hupona akasahau, lakini malaria kali iliyopanda kichwani, yenye mtukutiko mrefu, inaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na miaka kadhaa baadaye kovu hilo likazaa kifafa. Kwa hiyo baadhi ya watu wazima ambao dodoso langu lingewafikia walikuwa watoto wa degedege. Mama zao waliwafungia madirisha. Leo mimi niwaulize kama wanahisi vipepeo?

Nililiacha swali, nikaanza na jina la ugonjwa.

Kifafa ni neno linalotisha ukilitazama vizuri, maana kufa kumo ndani yake, tena kumetajwa mara mbili. Kiswahili kinaporudufu shina huwa kinasema jambo linarudiarudia, au linatokea nusunusu: kizunguzungu, kigugumizi, kipindupindu. Na ile ki- ya mwanzo imezoea wodi. Kichocho, kifaduro, kisukari, kiharusi, kikohozi, wote wamelazwa chumba kimoja na kifafa. Nikisikia neno zima nasikia kufa kudogo kunakorudi. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya mwanzo ya 1960, aliandika kwamba Wapogoro aliowatibu waliliona neno hilo hivyo hivyo, kama kifo kidogo.

Sasa jiulize: nani anaona kufa huko? Aliyeanguka hakuoni. Macho yake yamegeuka, masikio hayasikii, na anapozinduka anakuta mchanga mdomoni na duara la miguu ya watu. Habari ya kuanguka kwake anaipata kwa kuambiwa, kama habari ya jirani. Ndiyo maana kliniki utasikia mtu mzima akisimulia ugonjwa wake mwenyewe kwa kauli ya kutendwa: nimeambiwa nilipiga kelele, nimeambiwa nilijikojolea. Kifafa ni neno la mtazamaji. Limetungwa na mtu aliyesimama pembeni, akaona mwili umekakamaa, ukatukutika, ukalegea, akasema, huyu amekufa kidogo.

Nimezunguka lugha nyingine kutafuta kama ziko tofauti, na nimerudi mikono mitupu. Waarabu wanauita kwa neno lenye maana ya kubwaga chini, kama wabwagavyo wapiga mieleka. Wababiloni waliuita ugonjwa wa kuanguka. Wagiriki walisema mtu ameshikwa, nasi pia husema kifafa kimemshika, na hapo hatukuazima kwa mtu. Warumi ndio walionihuzunisha zaidi. Waliuita ugonjwa wa mkutano, kwa sababu mtu akianguka katikati ya baraza la kupiga kura, ilihesabiwa nuksi na baraza likavunjwa. Jina zima limesahau aliyeanguka likakumbuka usumbufu wa waliokaa. Malaysia watu waliuita kwa maneno yenye maana ya wazimu wa nguruwe, hadi madaktari na wagonjwa wakapigania jina hilo liondolewe. Korea nao wamebadili jina lao la zamani, lililochanganya ugonjwa na wazimu, wakaweka jipya linalotaja ubongo na umeme wake.

Kuna wanaotaka nasi tubadili. Naelewa uchungu wao, lakini siko pamoja nao. Kifafa hakimtukani mtu. Hakimwiti mnyama wala mwendawazimu. Kinasema kilichoonekana. Shida yake ni kwamba kinaishia hapo, na sehemu ya ugonjwa anayoiona mwenyewe, anayolala nayo na kuamka nayo siku zote ambazo haanguki, haina jina ndani yake. Mtu anaweza kuanguka mara 2 kwa mwezi, dakika mbili mbili. Dakika 4 hizo ndizo za kifafa cha watazamaji. Mwezi uliobaki ni wake peke yake.

Wataalamu nao waliliona hili kwa kuchelewa. Mwaka 2005, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa kifafa ilipofasili upya ugonjwa huu, iliingiza ndani ya fasili yenyewe madhara yake ya kiakili, ya kisaikolojia na ya kijamii. Yaani hofu ya mwenye kifafa ni kiungo cha ugonjwa, haikuongezwa na udhaifu wa moyo wake. Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya watano wenye kifafa ana wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Na zimeonyesha jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: wasiwasi na sonona huweza kuharibu maisha ya mtu kuliko idadi ya mianguko yenyewe. Ndiyo sababu nilipewa dodoso.

Wasiwasi, basi. Ndilo neno lililokubaliwa, limo katika kamusi na katika vipeperushi vya afya, nami nililiandika mara saba bila kusita. Halafu tukaenda kulijaribu.

Tulikaa chini ya mwembe nje ya kliniki, siku ya dawa. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mvuvi aliyeacha bahari. Nilimwamkia, nikamwuliza kama katika siku zilizopita amekuwa na wasiwasi. Akanitazama kwa huruma. "Sina wasiwasi, mwanangu. Nyinyi nawajua, ni watu wa serikali, ulizeni tu." Wa pili alikuwa kijana fundi cherehani. Yeye alijibu kwa ukali kidogo: "Wasiwasi wa nini, kaka? Mimi naswali swala tano." Wa tatu, mwanamke wa makamo, alisema mwenye wasiwasi ni mume wake, kila akitoka anafuatwa nyuma.

Majibu matatu, sifuri tatu kwenye karatasi, na wote watatu walikuwa wameniambia kweli. Neno lilikuwa limeingia katika nyumba tatu tofauti. Kwa mzee, wasiwasi ni kutomwamini mtu: nina wasiwasi naye, ondoa wasiwasi. Kwa mwanamke ni wivu na shaka za ndoa. Kwa kijana neno lilikuwa bado na harufu ya asili yake. Kiarabu kinalo kama mnong'ono, sauti ya chini inayorudiarudia. Waarabu wa kale walilitumia hata kwa mlio hafifu wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Kisha likawa mnong'ono wa Shetani kifuani mwa mtu, na katika sura ya mwisho ya Kurani ndimo mtu anaomba kinga dhidi yake. Ndiyo maana Pwani tunamwita mwenye wasiwasi yule anayetawadha, akatilia shaka udhu wake, akarudia, akarudia tena hadi swala inampita. Kumwuliza kijana huyo kama ana wasiwasi ni kumwuliza kama amemfungulia Shetani mlango. Nani atatia tiki?

Utaratibu wa kazi hii ni kwamba mtafsiri mmoja hulipeleka dodoso katika Kiswahili, na mwingine, ambaye hajaona la kwanza, hulirudisha katika Kiingereza. Yakilingana, watu hupeana mikono. La kwangu lilirudi salama kabisa. Neno la Kiingereza lilikwenda wasiwasi, likarudi lilivyokuwa, halikupoteza hata herufi. Nimefanya kazi ya tafsiri miaka mingi na siku ile ndiyo niliyoelewa udhaifu wa mizani hii: inapima kama watu wawili waliosoma kamusi moja wanakubaliana. Mvuvi hayumo kwenye mizani.

Hatukosi maneno. Tunayo mengi kiasi cha kutatiza. Kuna hofu, ambayo lazima iwe na kitu inachokihofia. Kuna woga, lakini huo ni aibu. Mwanamume wa Kiswahili atakubali kuitwa mgonjwa kabla hajakubali kuitwa mwoga. Kuna kiwewe, fadhaa, jakamoyo, dukuduku, kuna mtu kukaa roho juu. Nesi mmoja alisema wagonjwa wake wakieleza hali hii husema tu "nina mawazo", na ni kweli, Tanzania nzima mawazo ndiyo jina la kila kinachokukosesha usingizi, kuanzia deni la duka hadi msiba. Neno pana namna hiyo linakaribisha kila mtu, lakini halikwambii aliyeingia ni nani.

Halafu likanijia tumbojoto.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete yake. Tumbojoto ni wasiwasi unaokaa tumboni, ule wa mwanafunzi siku ya matokeo, wa mama ambaye mwanawe yumo baharini na upepo umebadilika. Hamna Shetani ndani yake, hamna wivu, hamna dhana ya kutomwamini mtu. Na liko tumboni, pale pale Waingereza walipowaweka vipepeo wao! Swali lililonikalisha mezani lilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa la kwetu tangu zamani. Niliandika: je, huwa unapatwa na tumbojoto? Wote waliolisikia walielewa. Baadhi walishika tumbo.

Daktari wa kliniki alisoma orodha ya majibu akanyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, wangapi kati ya hawa walisema tumbojoto linawapanda?

Sikuwa nimefikiria. Nilirudia karatasi. Wengi walikuwa wamesema hivyo hivyo: linaanzia hapa, linapanda hadi kifuani, linakaba koo. Daktari akanieleza taratibu. Ndani ya ubongo, upande wa masikio, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake mojawapo ni kuwasha hofu. Cheche za kifafa zikianzia jirani na hapo, mtu hupatwa na hofu kubwa isiyo na sababu, na kitu kama wimbi kinachopanda kutoka tumboni. Hudumu sekunde chache, dakika moja, kisha kinapita, au mtu anaanguka. Hofu hiyo haitangulii kifafa, ni kifafa chenyewe kimekwisha kuanza, hata kama aliyesimama karibu haoni kitu. Baadhi ya wagonjwa wangu walioshika tumbo hawakuwa wakiniambia habari za wasiwasi. Walikuwa wakinieleza mianguko midogo ambayo hapana mtazamaji aliyewahi kuihesabu, wala daktari kuiandika.

Neno langu lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilikuwa limenasa vitu viwili kwa ndoano moja, na vitu hivyo matibabu yake ni tofauti: mmoja anahitaji kuzungumza na mtu na labda dawa ya wasiwasi, mwingine anahitaji kipimo cha dawa yake ya kifafa kitazamwe upya. Hii si taabu ya Kiswahili peke yake. Uchovu, kusinzia, kusahau, hayo huulizwa katika kila dodoso la sonona, na mtu anayemeza fenobabitoni atasema ndiyo kwa yote, kwa sababu dawa hiyo, ambayo ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo ndiyo inayofika vijijini kwa bei nafuu, inasinzisha. Mwaka 2006 wataalamu walitunga dodoso fupi la sonona la watu wa kifafa, maswali 6 tu, kusudi waepuke mkanganyiko huo. Lakini neno lililo bora kwa kila mtu na lenye hatari kwa mgonjwa huyu tu, sikuwahi kukutana nalo. Tuliligawa swali. Tukauliza kwanza kama tumbojoto linakuja kwa ghafla likapita, lenyewe, bila sababu. Kisha tukauliza kuhusu lile linalokaa.

Lile linalokaa nilielezwa na mama muuza samaki.

Ana umri wa mama yangu mdogo, na kifafa amekuwa nacho tangu usichana. Nilikuwa nimemsomea maswali yote, akayajibu haraka haraka kama mtu mwenye ndoo juani. Nilipofunga karatasi akasema kwamba nimeuliza mengi ya hofu, ila sikumwuliza anachokihofia.

"Mimi kifafa sikiogopi, mwanangu. Kikija, mimi sipo. Naogopa kuumbuka."

Akasimulia siku aliyoanguka sokoni, kanga zikafunguka, wanaume wakitazama, na mtu mmoja akipiga kelele asiguswe, povu lake linaambukiza. Haliambukizi, povu la mwenye kifafa ni mate tu, lakini imani hiyo ni ngumu na nimeikuta hata kwa waliosoma. Alipozinduka aliona samaki wake wamekanyagwa. Hakurudi sokoni miezi sita. Kifafa chenyewe, alisema, hakikumrudia muda wote huo. Alikaa ndani mzima wa afya.

Nililiandika neno hilo pembeni ya karatasi, na mpaka leo naliona ndilo neno kuu la jambo hili. Litazame linavyojengwa. Kiswahili kina kiambishi kidogo kinachofumua tendo: funga, fungua; ziba, zibua; kunja, kunjua. Umba, umbua. Kumuumbua mtu ni kuufumua uumbaji wake, kuliharibu umbo alilopewa mbele ya macho ya wengine. Kuumbuka ni kubaki umefumuliwa. Tunalitumia kwa mwongo aliyekamatwa na mgeni aliyeanguka kwenye matope, tumelizoea likapoteza makali. Lakini mama yule alilitumia kwa uzito wake wote. Alichokiogopa si kufa, ambako jina la ugonjwa linakutaja mara mbili. Aliogopa kutazamwa wakati yeye hayupo. Mwili wake ukiwa pale uwanjani, na mwenyewe hayumo ndani yake kuuvuta upindo wa kanga.

Baada ya hapo sehemu ya pili ya kazi, ile ya ubora wa maisha, ilikuwa ngumu kuliko nilivyotazamia. Ubora wa maisha ni istilahi iliyokwisha kutulia katika vitabu vyetu na sina ugomvi na walioiweka. Ila ubora tunauona sana kwenye bidhaa, nondo za ujenzi, mafuta ya kula, alama ya Shirika la Viwango. Na maisha bora yana kumbukumbu yake: mwaka 2005 yalikuwa kaulimbiu ya uchaguzi, maisha bora kwa kila Mtanzania. Ukimwuliza mtu ubora wa maisha yake ukoje, atakutajia bei ya unga. Ana haki. Lakini Shirika la Afya Duniani linapoeleza ubora wa maisha linasema ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake, ndani ya utamaduni wake na mambo anayoyathamini. Kama ni hivyo, utamaduni huo lazima uwe na neno lake la jambo hilo.

Dodoso la pili nililopewa, lenye maswali 31, linamuuliza mwenye kifafa kama anasumbuliwa na kutoweza kuendesha gari. Wagonjwa wetu hawakuwa na magari. Walikuwa na mafiga matatu na moto usio na kizuizi. Makovu ya kuungua niliyoyaona kwenye mikono na mashavu sitayasahau. Walikuwa na kisima kisicho na ukuta, mnazi wa kukwea, ngalawa. Hayo ni rahisi kubadilisha, unaondoa gari unaweka kisima. Neno kuu ndilo lililokuwa halipo.

Nilikwenda kumwuliza yule mama. Sikumsomea kitu. Nilimwuliza tu, mtu mwenye kifafa akiishi vizuri, tunasemaje?

"Anaishi kwa stara," akasema, kana kwamba nauliza jambo ambalo kila mtu analijua.

Stara. Tumelipokea kutoka Kiarabu, kwenye kufunika na kusitiri, tukalipeleka mbali. Nguo ya kujisitiri, chumba cha kujisitiri, kumsitiri maiti ndani ya kaburi lake. Mungu akikusitiri amezuia aibu yako isitoke mlangoni. Mwenye maisha ya stara si tajiri wala si maskini wa kuomba. Ana kula, ana mlango, ana jina lake. Ukiliweka karibu na kuumbuka unaona yanajibizana. Moja limefunua, jingine limefunika. Yote mawili yanazungumza juu ya macho ya watu, na hapo ndipo mwenye kifafa anapoishi.

Ningependa kuishia katika furaha hiyo, lakini neno stara lina chumba cha nyuma, na nimekiona. Katika kijiji kimoja tulimkuta kijana ambaye hakuwahi kwenda shule, miaka yote ameketi ua wa ndani, amefundishwa kusuka ukili. Mama yake, mpole na mwenye mapenzi naye, alisema: "Tulimsitiri." Kitenzi ni kile kile. Nimewaona pia wanawali walioolewa bila mume kuambiwa, wakificha vidonge ndani ya kopo la chumvi, wakiruka dozi siku mama mkwe anapokuwa jikoni. Dozi zikirukwa kifafa kinarudi, na kinarudi mbele ya mama mkwe. Stara iliyowekwa kumkinga asiumbuke ndiyo iliyomwumbua. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa zinazowafaa na kuzitumia. Ninapoisoma asilimia hiyo nakumbuka kopo la chumvi.

Kwa hiyo nilipoandika swali la stara nilihangaika na kauli ya kitenzi kuliko nilivyowahi kuhangaika na kauli yoyote. Unasitiriwa? Hapana, kijana wa ua wa ndani angejibu ndiyo. Unajisitiri? Binti wa vidonge naye angejibu ndiyo. Mwishowe tuliuliza hivi: ukianguka mbele za watu, yuko mtu atakayekusitiri mpaka uamke? Swali refu, na watafiti hawapendi maswali marefu. Lakini lile neno mpaka ndilo lililobeba mzigo. Linamtaka aliyeanguka ainuke, ajifunue kanga aliyofunikwa, airudishe, aendelee na safari.

Yule mama alipoulizwa alijibu ndiyo, na hakuishia hapo. Amerudi sokoni. Kila alfajiri anatoka nyumbani na kanga ya ziada, imekunjwa, na akifika humkabidhi muuza mboga wa meza ya pili. Wamekubaliana. Akianguka, yule jirani asimtie kijiko mdomoni, asimshike kwa nguvu. Amlaze ubavu, aondoe kisu cha samaki, atazame saa, zikipita dakika 5 aite gari. Kabla ya yote hayo amfunike. Nilimwuliza kama tangu hapo amewahi kuanguka. Mara moja. Alipozinduka kulikuwa giza, akadhani ni usiku, kumbe ni kanga juu ya uso wake na jua lilikuwa kali, na nyuma ya kanga alimsikia muuza mboga akiwauzia watu samaki wake.